Wapimaji wa flashi ya umeme waliokuja kiwandani kwetu Jinja

Swali la kwanza aliloniuliza yule dada injinia, kabla hata hajatua mkoba, lilikuwa hili: "Mzee wangu, umeme ukikatika mkawasha jenereta, halafu shoti ikatokea humu chumbani, ni breka gani itakayoikata?" Nikampeleka nje nikamwonyesha. Ni breka ya ampia 800 iliyofungwa ubavuni mwa jenereta tangu siku ilipoletwa. Akachuchumaa, akamulika kwa simu, akasoma kipimo cha sumaku yake, ile inayoikatisha breka papo hapo shoti ikiwa kubwa, akaandika kwenye daftari na kunyanyuka bila kusema neno. Jibu lake nililipata wiki saba baadaye, na ndilo lililonisukuma kuandika haya.

Mimi ni msimamizi wa umeme katika kiwanda cha plastiki hapa Masese, Jinja, Uganda. Tunatengeneza madumu, ndoo na beseni. Nimezaliwa Walukuba, katika nyumba za wafanyakazi wa viwanda, ambako jirani huyu alikuwa Mjaluo, yule Mlugbara, wa tatu Msamia, na Kiswahili ndicho tulichokutana nacho sote bombani. Kazi ya umeme nina miaka 22 nayo, na chini yangu wapo mafundi sita. Bwawa la Nalubaale, lile lililofunguliwa mwaka 1954 likiitwa Owen Falls, liko karibu nasi, na watu wa Jinja hujiona kwamba umeme tunaujua kuliko wengine. Kuhusu kuuogopa usitupige tunaujua kweli. Huduma ninayoieleza hapa inahusu madhara mengine ya umeme, ambayo wengi wetu hatukufundishwa.

Sisi tunaiita flashi. Vitabu vinasema tao la umeme. Umeme unaruka hewani kati ya basiba na basiba, yaani vile vipande vya shaba vinavyobeba umeme ndani ya paneli, au kati ya basiba na bati la paneli, na hewa yenyewe inageuka kuwa njia ya umeme. Joto la hapo linaweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, wakati uso wa jua ni kama nyuzi 5,500. Shaba inageuka mvuke, na mvuke huo unahitaji nafasi kubwa mara 67,000 kuliko shaba ilipokuwa ngumu, kwa hiyo paneli inapasuka kama bomu. Aliyesimama mbele yake anaungua bila kugusa waya wowote.

Niliiona mara moja, mwaka 2011, katika kiwanda kingine nilikokuwa zamani. Mwenzangu alikuwa anakaza nati kwenye paneli kuu bila kuzima, kwa sababu msimamizi hakutaka mashine zisimame. Spana ikamponyoka. Nilikuwa nimempa mgongo, na ukuta wa mbele yangu ukawa mweupe. Nilipogeuka alikuwa amekaa chini, nyusi hazipo, mikono ameinyoosha mbele kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Umeme haukumpiga hata kidogo. Alilazwa miezi miwili, akapona, ila kazi ya umeme hakuirudia. Mwaka huo wote hakuna mtu kiwandani aliyetueleza kilichotokea. Ilisemwa tu kwamba alikuwa mzembe.

Ndiyo maana mkurugenzi wetu aliponiuliza mwanzoni mwa 2025 tutumie vipi bajeti ya usalama, nilikuwa na jibu tayari. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri alinde watu wake, lakini helmeti na vizima moto tulishakuwa navyo. Nikamwambia tupimiwe flashi, yaani wahandisi watuhesabie kila paneli inaweza kumuunguza mtu kiasi gani, na namba hiyo ibandikwe kwa stika kwenye paneli yenyewe.

Walikuja kutoa bei watu wa pande mbili. Wa kwanza walizunguka na simu, wakahesabu paneli 23, wakataka milioni 9, kazi ya siku mbili. Niliwauliza watapata wapi namba za kuandika kwenye stika. Wakanionyesha stika walizokwisha kuchapisha, zote namba moja, kalori 8 (kipimo cha joto linalofika kwenye ngozi) kwa kila paneli, ya chooni na ya transfoma sawasawa. Hawakuuliza hata transfoma yetu ni ya ukubwa gani. Wa pili ni hawa ninaowaeleza: ofisi ndogo ya Kampala, wahandisi watatu, mmoja wao huyo dada. Bei yao ilikuwa milioni 34. Mkurugenzi akaniuliza, "Fundi, nilipe milioni 34 kwa karatasi?" Nikamjibu kwamba hawa wameomba kusoma kibati cha transfoma kabla ya kutaja bei, na kwangu hiyo tofauti inatosha.

Kazi yenyewe ilichukua siku nne mwezi wa sita. Walisoma kibati cha transfoma: ukubwa wake kVA 1,000, volti 11,000 kwenda 415, upinzani wa ndani asilimia 5. Hapo hata mimi niliweza kufuata hesabu kwa kalamu. Ampia za kawaida ni kama 1,391; gawanya kwa 0.05 unapata karibu ampia 27,800 zinazoweza kumiminika shoti ikitokea palepale miguuni pa transfoma. Wakapima urefu na unene wa kebo, wakanakili setingi za kila breka, wakaandikia UEDCL, kampuni ya serikali iliyochukua usambazaji wa umeme kutoka kampuni iliyoitwa Umeme tarehe 1 Aprili mwaka huo, kuuliza nguvu ya shoti kwenye laini ya 11,000 inayotulisha. Mchoro wetu wa laini moja, unaoonyesha umeme unavyopita kutoka transfoma hadi kwenye mashine, ulikuwa wa 2009 na mashine nne hazikuwemo. Waliuchora upya. Kama wangeishia hapo tu, kwangu mchoro ule peke yake ulikuwa na thamani ya milioni kadhaa.

Walipita pia na kamera ya joto, na hiyo haikuwa na malipo ya ziada. Kwenye paneli ya mashine za kupuliza madumu, mguu wa waya mwekundu ulikuwa nyuzi 94 wakati wenzake wawili wako 52. Nati ilikuwa imelegea. Tulizima tukaikaza jioni ileile.

Siku ya tatu ilikuwa ya mafunzo. Walianza kwa Kiingereza na slaidi nyingi, na nikaona vijana wangu wanatikisa vichwa kwa heshima bila kuelewa. Nikanong'ona na dada injinia. Yeye ni mtu wa Tororo, Kiswahili anakijua vizuri. Akafunga kompyuta, akasogeza kiti, akaanza upya. Jambo la kwanza alilofanya ni kuwaomba vijana wafungue zipu za ovaroli. Ovaroli zetu ni za pamba, nilikuwa nazionea fahari. Ndani, kila kijana alikuwa na jezi ya timu ya Uingereza. Akawaambia, "Ndugu zangu, hii ni plastiki kama madumu mnayotengeneza. Mnajua wenyewe inavyokuwa ikipata moto." Kimya. Hakuna mtu Masese anayehitaji kuelezwa jinsi plastiki moto inavyoganda kwenye ngozi. Kuanzia Jumatatu iliyofuata sijaona jezi chini ya ovaroli, na sikuandika tangazo lolote.

Akaeleza kalori bila kuzungusha. Kalori 1.2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi zinatosha kukutoa malengelenge ya kuungua daraja la pili. Mavazi ya kujikinga hupangwa kwa ngazi nne: kalori 4, 8, 25 na 40. Namba ya kwenye stika inasema mahali pale, ukisimama umbali ule, ngozi yako itapata kalori ngapi. Alisema watu walijua hatari ya kupigwa na umeme kwa miaka mingi, lakini hii ya kuunguzwa na tao haikupata hesabu yake mpaka mhandisi Mmarekani Ralph Lee alipoiandikia mwaka 1982. Mwongozo wa hesabu hizo wanaoutumia leo, IEEE 1584 wa chama cha wahandisi wa umeme, ulitoka 2002 ukaandikwa upya 2018. Kisha akachukua tesita yetu ya kupimia volti, akaigeuza, akatuonyesha alama ya CAT II, yaani daraja la usalama la tesita. Kwenye paneli kuu ya kiwanda inatakiwa CAT III au CAT IV. Tulikuwa tunapima mahali ambapo shoti inaweza kufika ampia elfu 20 na kitu kwa tesita ya kupimia redio. Akawafundisha pia kupima mara tatu: kwanza penye umeme unaojulikana ili uone tesita ni nzima, kisha pale ulipozima, kisha tena penye umeme, kwa sababu tesita inaweza kufa katikati.

Sasa matokeo.

Paneli kuu ilisomeka kalori 20.8 kwa umbali wa milimita 455, yaani mkono uliokunjwa kidogo. Nilidhani sababu ni ukubwa wa shoti. Dada injinia akanisahihisha: sababu ni muda. Breka kuu ilikuwa imewekwa isubiri sekunde 0.4 ili breka ndogo za chini zipate nafasi ya kukata kwanza, na kile kipimo chake cha kukata papo hapo kilikuwa kimezimwa na mtu ambaye hata mimi simjui. Kalori huenda sambamba na muda. Ikikata kwa sekunde 0.05, muda unagawanyika kwa 8, na kalori zinakuwa 2.6. Hatukununua kitu. Kirungu cha kuwashia kipimo hicho kiko usoni pa breka, mlango wa paneli ukiwa umefungwa. Tukikubaliana kwamba kuna kazi ya kufungua paneli, tunakizungusha kwanza kwenye alama nyekundu waliyoipaka, na kazi ikiisha tunakirudisha. Nguo za kalori 8 ambazo tungeweza kuzinunua zikawa zinatosha, badala ya zile suti nzito za mwanaanga ambazo kwa joto la Masese kijana angeivua baada ya dakika 10.

Kina gharama yake. Wiki ya pili fundi wa zamu alisahau kukirudisha, shoti ndogo kwenye mota ya mashine ya kusagia mabaki ikazima kiwanda kizima dakika 40, na plastiki ikagandia ndani ya mashine mbili. Nilikaripiwa. Ningechagua kukaripiwa tena.

Halafu jenereta. Siku zote tuliamini kwamba tukiwa kwenye jenereta tuko salama zaidi, kwa kuwa ni ndogo, kVA 500 tu. Mafundi wangu hata walikuwa wanangojea umeme ukatike ndipo wafungue paneli kufanya marekebisho, wakijua kwamba "leo ni jenereta tu." Mimi ndiye niliyewafundisha hivyo. Ripoti ikasema jenereta yetu kwenye shoti inaanza na ampia kama 5,800, kisha zinashuka haraka. Sumaku ya breka yake ilikuwa imewekwa mara 10 ya ampia 800, yaani haishtuki mpaka zipite ampia 8,000. Ampia hizo jenereta yetu haina. Haijawahi kuwa nazo. Kwa hiyo tao likiwaka, breka ingekaa inalitazama, ikingoja ipate joto taratibu kama inavyongoja mashine iliyozidiwa mzigo. Wahandisi walikata hesabu kwenye sekunde 2, kwa sababu kanuni inaruhusu kudhani kwamba kufikia hapo mtu atakuwa amekwisha kuruka nyuma. Hata hivyo zilitoka kalori 17.6. Shoti ni ndogo kuliko ya transfoma kwa zaidi ya mara nne, lakini kuungua ni karibu sawa.

Na kuruka nyuma kwenda wapi? Nyuma ya paneli ile kulikuwa na ukuta umbali wa sentimita 70, na mbele ya ukuta tulikuwa tumepanga maboksi ya vifuniko vya madumu. Dada injinia alikuwa ameyapiga picha siku ya kwanza. Aliiweka picha hiyo kwenye ripoti, ukurasa mzima, bila maneno mengi: sekunde 2 ni kwa mtu mwenye pa kukimbilia.

Nilisoma ukurasa ule ofisini peke yangu. Miaka yote ile nilikuwa nawaambia vijana wa watu wafungue paneli wakati ambao breka haiwezi kuwatetea. Sumaku tumeishusha hadi mara 3, ampia 2,400, kwa bisibisi, dakika 5. Maboksi tuliyaondoa siku hiyohiyo na mstari wa njano umepigwa sakafuni.

Kuna sehemu moja ambayo hakuna setingi iliyoisaidia, na nawaheshimu kwa kutoificha. Pale kebo ya transfoma inapoingilia, kabla ya breka kuu, breka yetu haina kauli; kinacholinda ni fyuzi za upande wa 11,000, nazo ni za polepole kwa shoti ya upande wetu. Stika ya pale inasema zaidi ya kalori 40. Hakuna nguo tutakayovaa tukapagusa. Maelekezo ni moja: laini ya 11,000 izimwe na wenye laini, ipimwe, ifungwe kufuli na kadi, ndipo bati lifunguliwe. Nimelifunga bati hilo kwa kufuli na ufunguo ninao mwenyewe.

Malalamiko ninayo. Ripoti iliahidiwa wiki nne ikaja baada ya saba. Ina kurasa 96 za Kiingereza kigumu, na mtu wa kawaida akitafuta afanye nini kesho asubuhi anakuta kwenye ukurasa wa 81. Katika rasimu ya kwanza kebo ya kutoka transfoma hadi paneli kuu ilisomeka mita 60. Mimi niliilaza kebo ile kwa mikono yangu, ni mita 25. Kebo ikiandikwa ndefu, shoti inaonekana ndogo na namba zote za chini zinapotoka. Niliwapigia, walirudia hesabu bila kubisha na bila kudai shilingi, lakini najiuliza kiwanda ambacho hakina mtu aliyeilaza kebo kingejuaje. Ukipewa rasimu, kaa na fundi wako mzee zaidi mpitie urefu wa kila kebo.

Stika nazo zilikuja kwa Kiingereza peke yake. Niliomba za Kiswahili, wakasita wakisema kanuni zao zina mpangilio. Mwisho tulikubaliana: namba na mpangilio vibaki, chini yake maneno yetu. Ya paneli kuu inasomeka, "Zungusha kirungu hadi nyekundu kabla ya kufungua. Vaa kalori 8. Ndani pamba tu." Waliongeza laki 4 kwa uchapishaji huo na nikalipa kutoka fungu la matengenezo.

Mtu akiniuliza kama awaite watu wa kazi hii kwake, nitamwambia ndiyo, hata kama kiwanda ni kidogo kuliko chetu, mradi kuna transfoma yake mwenyewe na jenereta. Asikilize maswali yao kabla ya bei. Wakikuuliza asilimia ya transfoma, setingi za breka, na hali yako ukiwa kwenye jenereta, hao wanajua wanachokifanya. Wakikuuliza idadi ya paneli tu, wanauza stika. Na uwaulize kama wanauza pia nguo na glavu. Hawa wetu hawauzi, na naamini ndiyo maana walihangaika kushusha kalori badala ya kutuandikia suti za kalori 40.

Tarehe iliyo kwenye stika ni Agosti 2025, na hesabu zinatakiwa kupitiwa tena ndani ya miaka 5, au mapema kama kitu kikubwa kinabadilika. Kwetu itakuwa mapema. Mkurugenzi ameagiza mashine mbili mpya na transfoma ya kVA 1,500 kuzilisha, na siku itakapowashwa stika zote 23 zitakuwa zinasema uongo. Nimeshawaandikia. Dada injinia amejibu kwamba nimtumie picha ya kibati kipya kabla ya kitu chochote kuunganishwa, na kwamba safari hii kebo ataipima mwenyewe.